Fataki Zilizokaa Juu

Jumamosi, 12 Septemba

Wifi yangu Corliss kaja asubuhi na boksi la maganda mapya ya risasi, mia moja, yanang'aa utadhani pete za harusi. Ni zawadi yake kwa mumewe Gaylen, mdogo wangu, aliyetimiza miaka sitini wiki iliyopita. "Haya wifi, mjazie mtoto wako," kasema, kisha kacheka. Mtoto wangu kweli. Mama alipofariki Gaylen alikuwa na miaka mitano na mimi kumi na tatu. Aliyemfuta kamasi nani kama si mimi?

Septemba ni mwezi wangu hapa bondeni. Tangu Einar, mume wangu, atangulie, meza yake ya kujazia risasi ni yangu, na msimu wa kuwinda ukikaribia watu wangu wote hunitegemea. Unaanza na fataki, kile kidonge kidogo kinachokaa kitakoni mwa ganda. Pini ya bunduki ikikigonga, kinawasha baruti. Ukishaibana fataki mahali pake unaipitishia kidole gumba. Lazima iwe imezama kidogo kuliko kitako cha ganda. Ikijitokeza hata kwa unene wa unywele, pini ikipiga nguvu zote zinaishia kuisukuma ndani, na bunduki hailii. Einar alikuwa akiwaambia watu, "Mimi nina mizani, Verna ana kidole." Basi mpaka leo, ukienda dukani, ukienda kanisani, utasikia: kidole cha Verna hakikosei.

Sasa nikiri kitu, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kidole hicho kimekufa ganzi. Februari nilivua glavu kumvuta ndama kwenye theluji, nikakaa naye mikono wazi karibu saa nzima. Ndama akapona, kidole hakikupona. Nikikichoma sindano sisikii. Sijamwambia mtu yeyote. Mjane wa miaka sitini na minane akishakosa na kidole, ana nini tena cha kutajwa?

Jumatatu, 14 Septemba

Maganda haya yamebana jamani! Ganda la zamani, lililokwisha kupigwa mara tano sita, tundu lake limelegea. Unabana koleo la fataki, unaisikia inatelemka, halafu inagota chini, unajua imefika. Haya mapya yanakaba tangu mlangoni. Mkono unaishiwa nguvu kabla fataki haijafika mwisho. Leo nimeweka ishirini tu, na kiganja kimevimba kama andazi.

Ansel Brekke kapita kunywa kahawa. Yeye ndiye fundi wetu wa bunduki, na ndiye aliyekuwa rafiki wa Einar wa kufa na kuzikana. Mpaka leo ananiita shemeji. Kaona namna ninavyokunja uso.

"Shemeji, hayo ndiyo yale yanayobana. Nikuletee kijembe changu cha kukwangulia matundu? Mizunguko miwili tu kila moja, kwisha kazi."

"Ansel, mimi nilianza kazi hii wewe ukiwa bado na meno yako mwenyewe."

Kacheka mpaka hayo ya bandia yakataka kutoka. "Haya mama, nimekoma." Kamaliza kahawa kaenda zake.

Ningesema ndiyo, ningepungukiwa na nini?

Jumamosi, 19 Septemba

Nimemaliza maganda sitini. Arobaini ya mwisho niliyafanya leo mchana, mkono unauma, nikiwa na hasira nayo. Kila moja nimelipitishia kidole kama ilivyo ada. Kidole hakikusema kitu, nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni "sawa".

Jumapili, 27 Septemba

Kanisa, halafu supu kwa Corliss. Gaylen kazichukua risasi zake na kunibusu utosini mbele za watu. Nimetembea kama nimepewa cheo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Gaylen kapiga simu kutoka kwenye uwanja wa shabaha. Anaipenda risasi yangu, anasema tatu zimeingia shimo moja.

"Ila dada, moja ilikataa. Nikavuta, ikasema *tik*. Nikakoki tena, nikavuta, ikalia."

Fataki inayokataa mara ya kwanza na kukubali ya pili, kila mtu wa kazi hii anajua maana yake: ilikaa juu, pigo la kwanza likaizamisha, la pili likaiwasha. Najua kama ninavyojua jina langu. Nilipaswa kusema, "Nirudishie zote."

Nimesema, "Hiyo ni pini yako. Mpelekee Ansel aifungue aitie mafuta."

Maneno yametoka mepesi, kama mtu anayeagiza chumvi.

Jumatano, 14 Oktoba

Ansel kaifungua bunduki ya Gaylen, kasafisha pini na springi, katia mafuta. Kaniambia dukani kwamba hakuona kasoro. "Lakini nimeisafisha, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema." Mvua ya barafu tangu asubuhi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Magari yote ya bonde yamepanda mlimani alfajiri. Nimebaki na ng'ombe.

Jumatano, 28 Oktoba

Theluji, inchi nne. Corliss kaniletea mkate wa viazi. Hakuna jipya.

Ijumaa, 30 Oktoba

Gaylen bado hajapata elki, wale kulungu wakubwa wa milimani. Anasema wako juu sana. Kaona nyayo za dubu mkubwa njiani, mama na mtoto wake, bado hawajaenda kulala shimoni. "Ujiangalie," nimemwambia. "Nina risasi za dada yangu," kanijibu. Alikuwa anatania tu.

Jumanne, 3 Novemba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Jumatano, 4 Novemba

Naandikia hospitalini, mjini Missoula, kwenye kiti cha plastiki. Nitaandika kama Gaylen mwenyewe alivyotuandikia, kipande kipande, nisije nikajitungia la kunipendeza.

Jana asubuhi Gaylen alipiga elki dume juu ya kijito, karibu saa tatu. Risasi ile ililia vizuri. Akawa anamchuna, bunduki ameiegemeza kwenye mti hatua mbili kutoka kwake. Dubu akatokea vichakani na mtoto wake nyuma. Gaylen akainyakua bunduki, akampigia kelele, dubu akaja mbio. Akamwachia mpaka hatua kumi na tano ili asikose. Akavuta. *Tik.* Hakukuwa na nafasi ya kukoki tena.

Dubu alimshika taya, akamtikisa, akamwangusha, akamtafuna mkono wa kushoto. Gaylen akalala kifudifudi akajifanya maiti. Dubu akaenda kwenye nyama. Na huyu ndugu yangu akatambaa, akasimama, akatembea maili mbili mpaka kwenye gari huku ameshikilia taya lake kwa skafu, akajiendesha mwenyewe mpaka barabara kuu.

Amepoteza jicho la kushoto na vidole viwili. Taya limefungwa kwa waya. Hawezi kusema. Leo wamempa kibao cheupe cha kuandikia na kalamu, na la kwanza aliloandika ni lile neno: *tik*.

Corliss kanigeukia. "Ilikataa, wifi! Bunduki ilikataa!"

Mimi nimeegemea ukuta. Ndani yangu kuna kitu kinasema, ni wewe, ni wewe, ni wewe.

Alhamisi, 5 Novemba

Watu wa idara ya wanyamapori walikwenda mlimani. Wameiona bunduki, na ndani yake ile risasi iliyokataa. Wamesema alama ya pini kwenye fataki ni hafifu, pigo lilikuwa dhaifu. "Hutokea kwenye baridi," mmoja wao kasema, "mafuta mazito yakiganda, pini inakwenda taratibu." Kisha kauliza, "Nani aliitia mafuta mara ya mwisho?"

Nilikuwepo. Corliss akajibu, "Ansel Brekke." Pigo kwenye fataki iliyokaa juu pia linaacha alama hafifu. Sikusema.

Na hili nalo niliandike. Nimeondoka hospitalini saa sita, nikimwambia Corliss naenda kulisha ng'ombe wao. Nimewalisha. Kisha nikaingia nyumbani kwao, ufunguo ninao, nikafungua kabati la Gaylen, nikatoa boksi la risasi zilizobaki. Zilikuwa thelathini na nne. Nyumbani nikaitungua picha ya harusi yangu ukutani, nikalaza kioo chake mezani, nikazisimamisha juu yake moja moja kwa vitako vyake. Iliyokaa sawa husimama imara. Iliyojitokeza fataki inachezacheza kama meza mbovu.

Kumi na moja zilicheza.

Sikulia. Nilizikalia pale zote thelathini na nne, nikang'oa vichwa, nikamwaga baruti, nikatoa fataki, nikayaponda maganda kwa nyundo mpaka yakawa bapa. Nikavipeleka vyote kwenye shimo la taka la shambani na kuvifukia. Mikono ilifanya kazi safi kabisa. Sijapata kufanya kazi kwa uangalifu namna hii tangu mwaka uanze.

Jumamosi, 7 Novemba

Ansel kaja hospitalini. Kavaa suti yake, ile ya mazishi. Kasimama mlangoni kofia mkononi, mzee wa miaka sabini na tatu.

"Gaylen, mwanangu," kaanza.

Corliss akainuka. "Umekuja kutazama kazi yako?"

"Corliss, kama ni mafuta yangu..."

"Kama? Unasema *kama*? Mtazame! Mtazame vizuri halafu uniambie tena hiyo kama yako!"

Ansel kapiga magoti. Haki ya Mungu, kapiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, kaushika ukingo wa kitanda. Gaylen kageuza uso ukutani. Corliss kasema, "Toka. Toka nisikuone." Mzee kahangaika kunyanyuka, goti lake bovu, na aliyemshika kwapa kumwinua ni mimi. Kanitazama kasema, "Ahsante, shemeji."

Ahsante! Nimekwenda chooni nikanawa ile mikono kwa sabuni.

Jumapili, 8 Novemba

Kanisani wamemwombea Gaylen. Ansel alikaa benchi la nyuma, peke yake. Watu watatu wamenipa pole na kunibana mkono.

Jumanne, 10 Novemba

Watu wanachukua bunduki zao dukani kwa Ansel. Hawagombani naye. Wanaingia, wanasema, "Nitaichukua tu hivyo ilivyo," wanatoka. Nimeyasikia haya kwenye duka la chakula cha mifugo, mtu akisimulia na wenzake wakitikisa vichwa. "Mzee amechoka. Angeacha zamani." Nimenunua chumvi ya ng'ombe nikaondoka. Njiani nimesimamisha gari nikajisemea kwa sauti, sema, Verna, geuza gari urudi ukaseme. Theluji ikaanza, nikawasha vifutio, nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimekwenda kumsomea Gaylen gazeti. Kaandika, *Dada usiache kuja*.

Jumanne, 17 Novemba

Leo ndiyo siku niliyojijua mimi ni nani.

Ansel kaja na kisahani kilichofunikwa. Kaingia, kavua viatu kama kawaida yake, kaketi mahali pake. Amekonda. Kafunua kisahani: ndani kuna tone la mafuta aliyotumia Oktoba, ameyaweka nje kwenye baridi tangu jana.

"Shemeji, sina mwingine wa kumwuliza. Mimi mwenyewe siamini tena mkono wangu. Nikiyashika naona mepesi, lakini labda najidanganya kwa kuwa nataka yawe mepesi. Wewe una kidole. Yaguse. Niambie kweli, hata kama ni chungu."

Nimepitisha kidole gumba kwenye mafuta. Sikusikia kitu. Ningekitia kwenye maji ya moto nisingesikia kitu. Lakini macho ninayo: mafuta yale yalikuwa yanateleza kwenye sahani kama maji. Hayakuwa na kosa lolote. Mzee ananitazama usoni, anangoja, mdomo wazi kidogo.

Nimesema, "Labda mazito kidogo, Ansel."

Kainamisha kichwa. Kisha kasema, "Basi ni mimi. Afadhali kujua. Ahsante kwa kunieleza kweli, wengine wote wananizunguka tu." Kanishika mkono, kakibana kidole hicho hicho, kavaa viatu vyake akaenda.

Nimeandika mistari hii mara tatu nikaichana. Sikuzaliwa mwovu. Nilitaka tu kubaki yule wanayemsema. Kwa ajili ya hilo nimemchukua mtu aliyebeba jeneza la mume wangu nikamfukia akiwa hai.

Jumatano, 18 Novemba

Sikula. Ng'ombe wamekula.

Ijumaa, 20 Novemba

Ansel ameteremsha kibao cha duka lake. Nimepita nikaona misumari minne imebaki ukutani. Wanasema anauza vifaa vyake, hata kile kijembe chake cha kukwangulia matundu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Corliss. Gaylen ameruhusiwa kurudi nyumbani jana, alikuwa amelala chumbani. Nimemkuta Corliss akiponda viazi vya uji wake.

"Wifi, si Ansel. Ni mimi. Fataki zilikaa juu. Maganda yalibana, sikuzifikisha."

Kaacha kuponda. Kanitazama, halafu macho yake yakajaa machozi, akanikumbatia na mwiko mkononi.

"Ewe Verna. Yule mzee amekuja kukulilia, sivyo? Nawe kwa huruma yako unataka kumbebea."

"Nakwambia ni mimi!"

"Kidole chako hakijakosea miaka thelathini, kianze leo? Haya, zilete hizo risasi tuzione."

"Nimezivunja. Nilikuja nikazichukua kabatini."

"Gaylen aliandika kwamba labda wale wa idara walizichukua." Kanipangusa uso kwa aproni yake. "Pumzika. Una uchungu, unatafuta pa kuuweka. Usijitwike kosa la mtu mwingine, wifi yangu."

Nimerudi nyumbani na sifa mpya juu ya zile za zamani. Ushahidi niliufukia mwenyewe, na jina langu zuri limesimama mlangoni linazuia kweli isipite. Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema. Mimi kilio kimekuja na bado hakijaniumbua.

Jumapili, 22 Novemba

Sikwenda kanisani. Ansel pia, nasikia, hakwenda.

Jumatano, 25 Novemba

Nimeoka pai mbili za maboga kwa ajili ya kesho, Sikukuu ya Shukrani. Nimefunga mfuko mwingine pia: maganda kumi kati ya yale mapya yaliyobaki mezani, fataki kumi zilizokwisha kulia zamani ambazo hazina baruti tena, na koleo. Nimeamua.

Alhamisi, 26 Novemba

Tulikuwa watatu tu mezani, mimi, Corliss na Gaylen. Bata mzinga wetu, na uji wa bata mzinga wake, wa kunyonya kwa mrija. Corliss kaomba, kamshukuru Mungu kwa uhai wa mumewe, kanishukuru na mimi kwa jina. Kabla hajachukua kisu nimemwaga mfuko katikati ya meza.

"Jamani, wifi, leo?" kasema.

"Leo. Chukua koleo. Fataki hizi zimekufa, hazimdhuru mtu. Weka zote kumi. Tano zizamishe mpaka mwisho. Tano ziache juu kidogo, unene wa unywele tu. Zichanganye. Nifunge macho."

"Verna, chakula kinapoa."

Gaylen kagonga meza kwa kifundo cha kidole. Jicho lake moja lilikuwa limenikazia. Kaashiria kwa kidevu chake kilichofungwa: fanya.

Corliss kafanya, akinung'unika kwamba yanabana mno, kwamba mkono unamuuma, na nikamsikia mara moja akinyamaza ghafla katikati ya nung'uniko hilo. Kisha kanifunga kitambaa cha meza machoni. Kaniweka ganda la kwanza mkononi. Nimelipitishia kidole kama nilivyopitisha maisha yangu yote, taratibu, mara mbili.

"Sawa," nimesema. La pili. "Sawa." La tatu, sawa. La nne. Sikubahatisha, maana kubahatisha kungekuwa uongo mwingine. Nimesema kile kidole kilichoniambia. La saba Corliss akaita, "Wifi..." na sauti yake imekwisha kubadilika. "Nipe," nimesema. La nane, la tisa, la kumi. Yote kumi sawa. Hakuna hata moja lililokataliwa.

Nimevua kitambaa. Corliss alikuwa ameziba mdomo. Gaylen kayavuta maganda upande wake, kwa mkono wake mzima kayapitishia kidole gumba moja moja. Haikumchukua hata dakika. Matano kayasogeza kulia, matano kushoto. Kisha kalichukua moja la kushoto, kakaa analipapasa, anapapasa pale palipojitokeza, huku ananitazama.

"Tangu Februari," nimesema. "Na uliponipigia simu ya uwanjani, nilijua. Nilikutuma kwa Ansel huku najua."

Sauti aliyotoa kooni, kupitia zile waya, sitaisahau nikiwa hai. Mtoto niliyemfuta kamasi. Kalitupa ganda likagonga ukuta. Corliss kaanza kulia kwa sauti, "Nilimfukuza, Gaylen, nilimfukuza yule mzee akiwa amepiga magoti."

Gaylen kachukua kibao chake. Kaandika, kafuta kwa mkono wa shati, kaandika tena. Kanigeuzia.

*Ansel anajua?*

"Hajui."

Kaandika chini yake, kalamu inalia: *Nenda sasa hivi.*

Hakuandika kwamba amenisamehe. Nilipovaa koti sikuona mtu akininyanyukia. Pai zangu zilibaki pale zimefunikwa.

Nimeendesha maili sita. Barabara ilikuwa tupu, kila nyumba ina magari mlangoni na moshi kwenye bomba. Kwa Ansel kulikuwa na gari lake tu. Kafungua mlango amevaa sweta na ndala, mkononi kijiko. Alikuwa anakula supu ya kopo, amesimama jikoni, kwenye sufuria yenyewe.

"Shemeji? Gaylen ana nini?"

"Hana kitu. Ansel, si wewe."

Hakuelewa. Nimesema yote pale pale mlangoni, baridi inaingia ndani mwake: kidole, maganda, simu, boksi la kabatini, nyundo, shimo la taka. Nimesema, "Na mafuta yako yalikuwa mepesi. Niliyaona mepesi. Nilikudanganya ukiwa kwenye kiti changu."

Nilijiandaa kwa matusi. Njiani nilikuwa nimejitukana mwenyewe yote ninayoyajua, ili nisisikie jipya. Nilijiandaa hata kwa kofi. Yeye kaegemea fremu ya mlango, akatelemka taratibu, akaketi chini kwenye kizingiti na goti lake bovu limenyooka mbele, kijiko bado mkononi.

"Si mimi?" kasema.

"Si wewe."

"Nimekuwa nikiamka na uso wa yule kijana. Siku zote hizi. Si mimi, Verna?" Hakuniita shemeji.

"Si wewe, Ansel. Pini yako ilikuwa safi. Ni fataki zangu."

Kalia kama mtu aliyeachiwa mzigo ghafla, anapwaya, hajui mikono aiweke wapi. Nimetaka kumshika, nikaona sina ruhusa hiyo. Nimesimama kwenye theluji na mikono yangu pembeni. Alipopata pumzi hakuniuliza kwa nini. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Kafuta uso kwa sweta, kainua macho mekundu, na kaniomba kitu kimoja tu.

"Hebu sema tena."

Nikasema tena.